Nani Apewe Anga? Majenerali na Raia Mwanzoni mwa Safari za Anga za Marekani

Mabibi na mabwana, walimu wangu, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi mlangoni, asanteni kwa kufika.

Tarehe 20 Septemba 1956, pale Cape Canaveral, Florida, jeshi la nchi kavu la Marekani lilirusha roketi iitwayo Jupiter-C. Ilipanda zaidi ya kilomita 1,000 kwenda juu, ikaja kuanguka baharini zaidi ya kilomita 5,000 kutoka ilikoruka. Ilikuwa imeundwa iweze kubeba sehemu nne, moja juu ya nyingine, kila moja ikiwaka mwenzake anapomaliza. Siku ile sehemu ya nne, ya juu kabisa, haikutiwa fueli. Ilitiwa mchanga. Kama ingekuwa na moto ndani yake, yamkini Marekani ingekuwa na kitu kinachozunguka dunia mwaka mmoja kabla ya Sputnik, setilaiti ya kwanza ya Warusi.

Mchanga ule uliwekwa kwa makusudi. Wakubwa wa Wizara ya Ulinzi waliogopa kwamba wahandisi wa jeshi hilo walioko Huntsville, Alabama, wangeweza kupeleka setilaiti angani kisha waseme imetokea tu. Jenerali John Medaris akampigia simu Wernher von Braun, bingwa wa roketi kutoka Ujerumani aliyekuwa chini yake, akamwagiza aikague sehemu ile kwa macho yake mwenyewe na kuhakikisha haina uhai.

Basi tujiulize: taifa linalotaka kufika angani linawezaje kuwazuia watu wake lenyewe wasifike? Jibu langu leo lina pande mbili. Kwanza, majeshi ya Marekani yalikuwa yakigombana yenyewe kwa yenyewe kabla raia hawajaingia uwanjani. Pili, rais wa wakati ule, Dwight Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya Muungano Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, alihitaji safari za anga zilizo wazi na zenye sura ya kisayansi, ili kazi nyingine ya siri ipate njia. Mimi naamini uamuzi wake wa kuwapa raia anga ulikuwa sahihi. Lakini haukuwa mweupe kama unavyosimuliwa.

Julai 1955 Ikulu ya Marekani ilitangaza kwamba itarusha setilaiti katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957 hadi mwisho wa 1958. Kila jeshi likaja na mpango wake. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na roketi ya Redstone na kundi la von Braun. Jeshi la wanamaji lilikuwa na maabara yake ya utafiti na mpango uitwao Vanguard. Jeshi la anga lilikuwa na ndoto ya kutumia Atlas, kombora ambalo bado halijakamilika. Kamati iliyoongozwa na Homer Stewart ikachagua Vanguard.

Watu wengi huuita uamuzi ule upumbavu, maana Redstone ilikuwa tayari inaruka. Mimi nauona una mantiki yake. Redstone ni silaha. Vanguard, ijapokuwa ni ya wanamaji, ilitokana na roketi ya utafiti, na ingepeperusha bendera ya sayansi. Na Eisenhower alikuwa na hesabu nyingine kichwani: alitaka siku moja kupeleka setilaiti za kupiga picha juu ya Urusi. Sheria ya kimataifa ilikuwa wazi kwamba ndege ikipita juu ya nchi ya mtu bila ruhusa ni uvamizi. Je, setilaiti nayo? Hakuna aliyejua. Setilaiti ya kwanza ikiwa ya wanasayansi, ikapita juu ya kila nchi bila mtu kulalamika, basi mlango umefunguka.

Wakati huohuo majeshi yaliendelea kunyang'anyana. Novemba 1956 Waziri wa Ulinzi, Charles Wilson, aliliwekea jeshi la nchi kavu mpaka: lisitumie makombora yanayofika mbali zaidi ya maili 200, yaani kama kilomita 320. Kombora la Jupiter waliliunda wao, lakini kulitumia likapewa jeshi la anga. Fikirini hasira ya Medaris. Vijana wake wanaunda, wengine wanapewa.

Kisha ikaja tarehe 4 Oktoba 1957. Jioni hiyo Neil McElroy, ambaye alikuwa anakaribia kuapishwa kuwa Waziri mpya wa Ulinzi, alikuwa Huntsville kwa ziara, na habari za Sputnik zikamkuta hapohapo pamoja na Medaris na von Braun. Von Braun akamwambia wape ruhusa, na katika siku 60 watakuwa na setilaiti. Medaris, mtu wa hesabu za kijeshi, akasema siku 90.

Ruhusa haikuja usiku ule. Ilichukua Sputnik ya pili, Novemba 3, yenye uzito wa kilo 508 na mbwa Laika ndani yake, ndipo Novemba 8 jeshi la nchi kavu likaambiwa lijiandae. Desemba 6 Vanguard ikajaribu, mbele ya kamera za televisheni. Ikanyanyuka kiasi cha mita moja na kitu, ikapoteza nguvu, ikarudi chini na kulipuka. Kile kisetilaiti chake, chenye uzito wa kilo moja na nusu hivi, kilirushwa kando na mlipuko kikaendelea kutuma mawimbi yake ya redio kutoka ardhini. Wale wahandisi wa wanamaji walitukanwa na magazeti ya nchi yao, na jambo hili huniuma kila ninapolisoma, maana kazi yao ilikuwa nzuri. Machi 17, 1958 Vanguard 1 ilifika angani, ya kwanza kutumia umeme wa jua, na mpaka leo hii inazunguka. Ndicho chombo cha kale kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu ambacho bado kiko huko.

Lakini sifa ya kwanza ilikwenda Huntsville. Januari 31, 1958, siku 84 tangu waambiwe wajiandae, Explorer 1 iliruka. Roketi ilikuwa ndugu wa ile ya mchanga. Chombo chenyewe kiliundwa California, katika Jet Propulsion Laboratory chini ya William Pickering, na kipimo cha mionzi kilitoka kwa James Van Allen wa Chuo Kikuu cha Iowa. Kutokana na kipimo hicho tukaja kuijua mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia.

Sasa nani apewe anga? Februari 1958 Wizara ya Ulinzi iliunda shirika lake jipya la utafiti, ARPA, kusimamia miradi yote ya anga kwa muda. Jeshi la anga lilikuwa na hoja yake: anga ni moja, ndege na roketi ni kazi moja, basi mwenye ndege ndiye mwenye anga zote. Na Eisenhower mwenyewe mwanzoni aliegemea upande wa Wizara ya Ulinzi. Aliona wenye roketi ni wanajeshi, kwa nini alipie kazi moja mara mbili? Waliomvuta upande wa pili ni makamu wake, Richard Nixon, na mshauri wake wa sayansi, James Killian. Walimwambia kwamba utafiti wa amani ungeheshimika zaidi duniani ukiwa nje ya jeshi, na wanasayansi wangefanya kazi bila pingu za siri.

Julai 29, 1958 akatia saini sheria iliyounda NASA, shirika la kiraia la safari za anga. Oktoba 1 ikafungua milango. Mwili wake ulikuwa ni kamati ya zamani ya utafiti wa ndege, NACA, iliyoanzishwa mwaka 1915 na yenye watumishi wapatao 8,000. Sheria ilisema shughuli za anga ziwe chini ya raia, isipokuwa zile zinazohusu silaha, operesheni za kijeshi au ulinzi wa nchi. Hilo neno "isipokuwa" ndilo lililobeba ugomvi wa miaka yote iliyofuata.

Majeshi yalikuwa yameshapanga kupeleka binadamu. Jeshi la anga lilikuwa na mpango wa kumpeleka mtu haraka iwezekanavyo, na Juni 1958 liliandaa orodha ya marubani tisa. Mmoja wao ni kijana aitwaye Neil Armstrong. Jeshi la nchi kavu nalo lilitaka kumpandisha mtu juu ya Redstone na kumshusha baharini. Hugh Dryden, mkuu wa NACA, aliliambia Bunge kwamba thamani ya kisayansi ya jambo hilo inalingana na ile ya sarakasi ya kumfyatua msichana kutoka kwenye mzinga. Agosti 1958 Eisenhower akakata shauri: kupeleka binadamu ni kazi ya NASA.

Tuitazame hiyo NASA ya raia ilivyofanya. Wanaanga saba wa Mercury, mpango wa kwanza wa NASA wa kupeleka binadamu, waliotangazwa Aprili 1959 wote walikuwa marubani wa majaribio wa kijeshi, kwa agizo la Eisenhower mwenyewe: watatu wa jeshi la anga, watatu wa wanamaji, mmoja wa kikosi cha Marines. Sharti hilo liliwafungia nje wanawake wote bila hata kuwataja. Alan Shepard alipanda Redstone ya jeshi la nchi kavu. John Glenn alipanda Atlas, kombora la jeshi la anga, na alipotua baharini akachukuliwa na manowari. Raia walishika usukani, lakini gari, barabara na fundi vilikuwa vya jeshi.

Vita vikali kuliko vyote vilikuwa juu ya von Braun na watu wake. Mkuu wa kwanza wa NASA, Keith Glennan, aliomba sehemu ya kundi hilo mwaka 1958. Medaris akakataa, habari zikavuja magazetini, na Glennan akalazimika kurudi nyuma. Aliondoka na ile maabara ya California tu. Kilichokuja kugeuza mambo ni roketi kubwa ya Saturn. Wizara ya Ulinzi iliitazama, ikauliza ni bomu gani linalohitaji roketi ya ukubwa huo, ikaona hakuna, na mwaka 1959 ikafikia karibu kuifuta. Jeshi la nchi kavu lilikuwa hata limechora mpango wa ngome ya askari mwezini, lakini hakuna aliyekubali kuulipia. Basi Saturn, pamoja na waundaji wake, ikawa mtoto anayetafuta mlezi, na NASA ikamchukua. Julai 1, 1960 maelfu ya watumishi wa Huntsville walibadili mwajiri bila kubadili meza. Medaris alikuwa ameshastaafu, na baadaye akawa kasisi. Bila uhamisho huo, roketi ya Saturn V iliyowapeleka watu mwezini mwaka 1969 nadhani isingekuwapo.

Nije sasa kwenye upande wa giza. Mei 1, 1960 Warusi waliitungua ndege ya ujasusi ya U-2. Marekani ikatoa maelezo kwa kinywa cha NASA: hiyo ilikuwa ndege ya utafiti wa hali ya hewa, rubani amepotea njia. Ndege nyingine ya aina hiyo ikapakwa rangi za NASA na kuonyeshwa kwa waandishi. Kisha Khrushchev, kiongozi wa Urusi, akatangaza kwamba rubani yuko hai na amekiri. Shirika lililoundwa liwe uso safi wa taifa lilitumika kama barakoa lingali na umri wa chini ya miaka miwili.

Na mwezi Agosti mwaka huohuo mradi wa siri wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na jeshi la anga, uliojulikana hadharani kwa jina la Discoverer na kwa siri kama Corona, ulifaulu baada ya kushindwa mara kwa mara. Ndege iliudaka hewani mkebe wa filamu ukishuka na mwavuli wake. Filamu ile moja ilionyesha eneo la Urusi kubwa kuliko safari zote za U-2 zikijumlishwa. Watu waliambiwa ni majaribio ya kisayansi. Ukweli wote ulitolewa mwaka 1995.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa. NASA ilihitaji vituo vya kufuatilia vyombo vya Mercury kuzunguka dunia, na kimoja kikajengwa Tunguu, Unguja, kingine Kano, Nigeria. Wanasiasa wa Unguja walikipinga, wakihofia kwamba ni kituo cha kijeshi kitakachoviingiza visiwa katika vita vya wakubwa. Wamarekani wakajibu: sisi ni raia, hii ni sayansi. Kuna wanaowacheka wazee wetu kwa hofu ile. Mimi siwacheki hata kidogo. Walikuwa wamesikia mwaka ule ule wa 1960 jinsi jina la NASA lilivyotumika kuficha ndege ya ujasusi. Kituo cha Tunguu kilifanya kazi kilichosema kinafanya, kikamhudumia Glenn alipopita juu yetu Februari 20, 1962. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki, na waliouliza walistahili jibu lenye heshima. Baada ya Mapinduzi, mwaka 1964, kituo kikafungwa.

Jeshi la anga halikukata tamaa. Lilikuwa na ndege ya anga iitwayo Dyna-Soar, ambayo Waziri wa Ulinzi Robert McNamara aliifuta Desemba 10, 1963. Siku hiyohiyo likaahidiwa maabara ya kuzunguka dunia, MOL, ambayo askari wawili wangekaa ndani yake wakiwapiga picha Warusi. Jukwaa la kurushia likaanza kujengwa Vandenberg, California. Juni 1969, wiki chache kabla ya Armstrong kukanyaga mwezi, MOL nayo ikafutwa, maana setilaiti zisizo na mtu zilikuwa zimeshaiweza kazi hiyo kwa gharama ndogo.

Saba kati ya marubani wake walihamia NASA. Mmoja, Robert Crippen, aliruka katika safari ya kwanza kabisa ya Space Shuttle, chombo cha NASA cha kwenda angani na kurudi kutumika tena, Aprili 1981. Jukwaa lile la Vandenberg likatengenezwa upya kwa ajili ya safari za Shuttle za kijeshi, na Crippen akateuliwa kuwa kamanda wa ya kwanza. Challenger, mojawapo ya Shuttle hizo, ikalipuka Januari 28, 1986, safari hiyo ikafutwa, na hakuna mwanaanga aliyewahi kurushwa kutoka pale.

Nayakaribisha maswali yenu.