Babu, Hiyo Sasa ni Yako

Asalaam aleikum, na habari za jioni. Mmeniita hapa Mikindani nizungumze juu ya mtoto kujiongoza katika kujifunza. Nimekula chaki miaka mingi, kwa hiyo msinidhanie mpinga shule. Sheria ya Elimu ya 1978 ipo, mtoto aandikishwe. Leo nataka tujitazame sisi watu wazima: tunamwaminije mtoto?

Nianze na aibu yangu. Mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa pwani akitengeneza ngalawa kwa soli ya kandambili. Tanga ni kipande cha mfuko wa saruji, mlingoti ni kijiti cha ufagio. Akiiweka majini, inalala. Anaitoa, anaikung'uta, anairudisha, inalala tena. Nikavumilia mara tatu. Ya nne nikamnyang'anya, nikapunguza tanga, nikafunga vijiti viwili ubavuni, nikaiachia. Hiyooo, ikaenda! Nikamgeukia nisifiwe. Akasema, "Babu, hiyo sasa ni yako." Akaenda zake kutafuta kandambili nyingine.

Ile ya pili nilikaa juu ya jiwe, mikono nimeifunga mgongoni. Ilimchukua siku mbili. Tanga hakuligusa, alichomeka msumari mnene chini ya soli, uzito ukaishikilia. Ilikwenda upogo, lakini ilikwenda. Mimi msumari nisingeuwaza. Na siku mbili zile niliumia kweli, maana mwalimu asiye na la kusema hujiona kama kata kwenye mtungi mkavu.

Wenzetu nao yamewafika. Uingereza kuna shule ya Summerhill, aliyoianzisha A. S. Neill mwaka 1921. Kuingia darasani ni hiari, na kwenye mkutano wa shule kura ya mtoto ni sawa na ya mwalimu. Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali waliikamia kwa sababu ya hiari hiyo. Shauri likafika barazani mwaka 2000, na shule ikabaki na utaratibu wake. Kule Marekani, kwenye shule ya Sudbury Valley, tangu 1968, watoto hushiriki kila mwaka kumpigia kura mwalimu abaki au aondoke. Naona walimu mmeacha kucheka.

Msiniambie wazee wetu ndivyo walivyokuwa. Jandoni hakuna kura. Ila kwa mchongaji wa Kimakonde nimeona mtoto akikaa pembeni, anaokota kipande cha mpingo, anakiharibu, anaokota kingine, na mzee anaendelea na tezo lake kama hajaona. Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka akili ya kudadisi. Sisi tukabeba jembe, udadisi tukausahau ofisini.

Kinachotushinda ni jirani: "Wa kwako kawa wa ngapi darasani?" Hapo mkono unawasha. Mimi nilianza kidogo kidogo. Nikitaka kumsahihisha, nahesabu kwanza hadi mia. Barabarani na kisimani sihesabu, namvuta.

Mama pale nyuma ameuliza: akichagua simu kutwa nzima? Mama yangu, huko sijapona. Yangu naifungia kabatini asiiguse. Juzi usiku wa manane nimejilaza nayo, natazama video, nikainua macho: yuko mlangoni, kimya, mikono mgongoni.