Siku ya Kwanza kwa Kaunsela, na Lile Swali la 9

KATANA: Haya karibuni, ni Katana hapa, niko na dadangu Zuhura, na leo tunaingia moja kwa moja manake inboksi imejaa swali moja tu: nikienda kwa kaunsela mara ya kwanza, kunafanyika nini? Nalala kwa kochi?

ZUHURA: Hakuna kulala, mnakaa kwa viti mnaongea. Siku ya kwanza mara nyingi ni maswali, nini kimekuleta, usingizi uko vipi, unakula, unaishi na nani, kuna dawa unameza, dakika 50 hivi zimeisha. Na kuna jambo hutaki kuligusa siku hiyo? Mwambie hilo tuliache kwanza, ataelewa.

KATANA: Halafu kuna fomu.

ZUHURA: Eeh, wengi wanatumia PHQ-9, fomu ya kupima dalili za depresheni, maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja unajipa 0 mpaka 3. Sasa la 9 ndilo watu wanalikimbia, linauliza kama umewaza heri ufe ama ujidhuru, na mtu anaweka 0 na moyoni anajua si 0.

KATANA: Anaogopa polisi, dadangu! Na si hofu ya bure, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kosa, kifungo mpaka miaka 2. Ni Januari 2025 ndio Mahakama Kuu Nairobi ikasema kinakiuka Katiba.

ZUHURA: Na hata kabla ya hapo kilihusu kujaribu, si kuwaza. Jamani naomba sana, hilo swali lijibu ukweli. Ukidanganya, yule kaunsela atahangaika na stresi za kazini na kile kinachokumaliza hakijui. Ukimwambia atakuuliza zaidi tu, umepanga lolote, leo uko salama, nyumbani kuna mtu.

KATANA: Na siri? Huku Kilifi mtu anawaza kaunsela anajuana na shangazi yake.

ZUHURA: Muulize kabla hujasema lolote. Siri ipo ila ina mipaka, maisha yako ama ya mtu mwingine yakiwa hatarini, mtoto akidhulumiwa, korti ikiamuru. Anafaa akueleze hayo mwenyewe, akikujibu "usijali" basi, muulize tena.

KATANA: Pesa pia uliza mapema, na kama amesajiliwa, manake sheria ya kusajili makaunsela iko tangu 2014.

ZUHURA: Kabisa. Na dawa usimdai kaunsela, hizo anaandika daktari. Alafu ukitoka unaweza kuchoka sana ama ulie njiani, ni kawaida, ukiweza siku hiyo usijipangie mambo mengi.

KATANA: Na mwenye anatusikiliza sasa hivi, jibu lake la swali la 9 si 0, na apointimenti ni wiki ijayo?

ZUHURA: Asingoje wiki ijayo. Amwamshe mtu hapo nyumbani, hata kama ni saa nane usiku, waende hospitali iliyo karibu, upande wa dharura, na akifika aseme hivyo hivyo anavyowaza, asiseme ni kichwa kinauma.