Saram, Mal na Guk: Namna Kikorea Kinavyotaja Nchi, Watu na Lugha Zao

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, hamjambo. Mimi na kaka Baraka tunaendelea na masomo yetu ya Kikorea, na leo tumelifikia swali ambalo kila mgeni huulizwa mapema: "Eoneu nara saramieyo?", yaani, wewe ni mtu wa nchi gani?

BARAKA: Ndani ya swali hilo, dada Zuhura, yamo maneno mawili ya kuyashika kabla ya mengine yote. "Nara" ni nchi, na "saram" ni mtu. Ukishalijua jina la nchi, unalifuatisha na "saram", na hapo umekwisha kumtaja mwenyeji wake. Korea ya Kusini ni Hanguk, kwa hiyo Mkorea ni "Hanguk saram". Mkenya ni "Kenya saram". Na kwa kuwa Kikorea hakina sauti ya "z", Tanzania huwa Tanjania, na mimi nawe tunakuwa "Tanjania saram".

ZUHURA: Sisi hufanya jambo hilo hilo kwa kuanzia mbele. Tunalishika shina moja, Korea, tunalipachika M- kupata mtu, Wa- kupata watu, na Ki- kupata lugha. Wakorea huliacha jina mbele na kupachika nyuma, na kiishio cha lugha ni "-eo": Japani ni Ilbon na Kijapani ni Ilboneo, China ni Jungguk na Kichina ni Junggugeo, Kikorea chenyewe ni Hangugeo.

BARAKA: Msikilizaji makini ameona kwamba "k" ya mwisho wa Hanguk imelainika ikawa "g". Konsonanti hiyo ikikaa kati ya irabu mbili hulainika daima, na ikikutana na "m" hugeuka kuwa "ng'", ndiyo maana neno linaloandikwa Hanguk-mal, yaani lugha ya Kikorea, husikika "hangung'mal". Maandishi ya Kikorea yenyewe hayabadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni ulimi. Ninawasihi wanafunzi wasiyapite haya haraka, kwa sababu mtu anayejifunza kwa macho peke yake hatalitambua neno atakapolisikia.

ZUHURA: Umelitaja neno "mal", nalo linatufikisha kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Kikorea kina ghala mbili za maneno. Katika ghala ya kwanza kuna maneno ya asili: nara, saram, mal. Katika ya pili kuna maneno yaliyotoka Kichina karne nyingi zilizopita, yenye maana zile zile: "guk" ni nchi, "in" ni mtu, "eo" ni lugha. Katika mazungumzo utasikia "Hanguk saram" na "hangung'mal", lakini katika gazeti au fomu ya serikali utasoma "Hangugin" na "Hangugeo". Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa hili, kwani sisi pia tunaishi na ghala mbili: tuna "nchi" ya Kibantu na "taifa" lililotoka Kiarabu, tuna "mtu" na "binadamu", tuna "neno" na "lugha".

BARAKA: Na ukiifungua hiyo ghala ya pili, majina mengi yanajieleza yenyewe. "Oe" ni nje. Basi "oeguk" ni nchi ya nje, "oegugin" ni mgeni kutoka nchi nyingine, na "oegugeo" ni lugha ya kigeni. Marekani ni Miguk, na herufi ya Kichina ya "mi" ina maana ya uzuri, ilhali Wajapani huiandika nchi hiyo hiyo kwa herufi ya mchele. Hakuna aliyesifu uzuri wala kuhesabu mchele. Herufi zote mbili zilichaguliwa kwa ajili ya sauti. Ujerumani ni Dogil, jina ambalo halifanani na Deutsch mpaka ujue kwamba Wajapani waliliandika kwa herufi za Kichina wakitamka "Doitsu", kisha Wakorea wakazisoma herufi hizo kwa matamshi yao wenyewe.

ZUHURA: Kiingereza kina kanuni yake. Uingereza ni Yeongguk, lakini lugha ni "yeongeo" bila "guk", na Mmarekani na Mwaustralia pia huzungumza yeongeo. Nilipoanza kujifunza nilimwambia mwalimu kwamba ninazungumza "Tanjaniaeo", naye akanisahihisha kwa upole: lugha yetu ni "Seuwahillieo". Nilipaswa kulijua hilo, kwa maana hata sisi hatusemi Kitanzania wala Kikenya tunapotaja lugha.

BARAKA: Kuna jambo jingine linalohitaji uangalifu zaidi. Hanguk ni jina linalotumika Kusini. Kaskazini, nchi huitwa Joseon na lugha ni "joseonmal", na jina hilo ni la ufalme ulioanza mwaka 1392. Kabla yake kulikuwa na Goryeo, iliyoanza mwaka 918, na kutoka humo ndimo ulimwengu ulimopata jina Korea, nasi tukalipokea. Hata kutajana kwao kunatofautiana: watu wa Kusini huiita Kaskazini "Bukhan", na wa Kaskazini, hadi mwaka 2023 hivi, waliiita Kusini "Namjoseon". Kwa namna hiyo kila upande ulimtaja mwenzake kwa jina la nchi ulilolichagua wenyewe, ukiongeza dira tu, "buk" kaskazini na "nam" kusini.

ZUHURA: Nalo jina Goryeo lingali hai midomoni mwa watu. Mwaka 1937 serikali ya Stalin iliwahamisha kwa nguvu Wakorea waliokuwa wakiishi mashariki ya mbali ya Umoja wa Kisovieti na kuwapeleka Kazakhstan na Uzbekistan. Wajukuu wao hujiita "Goryeo saram", na lugha ya wazee wao ni "Goryeomal". Saram ni ile ile na mal ni ile ile; kilichobadilika ni jina lililotangulia.

BARAKA: Kwa hiyo mtu huyo akiulizwa "eoneu nara saramieyo", anaweza kujibu kwa nchi ya pasipoti yake au kwa ukoo wake, na "saram" itayapokea majibu yote mawili, kama M- yetu inavyomtaja Mtanzania na Mzaramo bila kubagua.

ZUHURA: Basi tulitamke jibu letu pamoja, polepole: "Jeoneun Tanjania saramieyo. Seuwahillieoreul haeyo." Mimi ni Mtanzania, ninazungumza Kiswahili. Wasikilizaji wa Kenya, wekeni jina la nchi yenu palipo na Tanjania. Sentensi ya pili iacheni ilivyo.