Kunasa nyutroni kwa nta ya nyuki, hapa hapa Tabora

Mwangaluka, wadau. Hii sufuria mnayoiona uani si ya wali, nayeyusha nta. Leo tunanasa nyutroni, chembe ndogo za ndani ya kiini cha atomu, zinazotushukia kila siku kutoka angani, zile ambazo miale ya anga (chembe za kasi kutoka anga za mbali) inazing'oa kwenye viini vya atomu za hewa. Mezani hakuna chanzo chochote cha mionzi, kwa hiyo mama mwenye nyumba atulie.

Tuanze na skrini. Sogeza kamera. Karatasi hii nyeupe, nene kama kadi ya mwaliko, ina unga wa zinki salfaidi uliotiwa fedha kidogo mno, umechanganywa na floridi ya lithiamu-6, aina nyepesi ya lithiamu. Nyutroni haina chaji, inapita kimyakimya. Ila lithiamu-6 ikiimeza inapasuka: alfa (kiini cha heliamu) huku, tritoni (kiini cha haidrojeni nzito) kule, na nishati ya MeV 4.78, yaani elektroni-volti milioni 4.78. Hizo mbili zina chaji. Zikipita kwenye zinki salfaidi, inamweka bluu. Ukiagiza, hakikisha ni lithiamu iliyorutubishwa, yaani iliyozidishiwa lithiamu-6, maana ya kawaida ina lithiamu-6 kama asilimia 7.5 tu.

Bandika skrini, upande wa unga uelekee kioo cha neli ya fotomaltiplaya, ile inayogeuza mmweko hafifu kuwa mpigo wa umeme tunaouhesabu. Zungushia tepu nyeusi, raundi tatu. Usiwahi kuiwasha neli ikiwa wazi mwangani, utaiua. Sasa washa volti taratibu, pitisha tochi ya simu kwenye maungio yote. Hesabu ikiruka, mwanga unavuja: zima, funga tena. Mimi niliacha tundu la sindano pale waya unapotokea. Mchana hesabu kibao, usiku kimya. Nikajiona nimegundua kitu!

Nta sasa. Iyeyushe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja juu ya mkaa, itashika moto. Hii ni ya wafuga nyuki wa Sikonge, bado inanukia asali. Imejaa haidrojeni, ndiyo tunayoitaka. Gololi ikigonga gololi mwenzake inasimama. Ikigonga ukuta inarudi na kasi yake. Nyutroni na kiini cha haidrojeni wana uzito karibu sawa, kwa hiyo zikigongana nyutroni inapoa, yaani inapungua kasi, na nyutroni iliyopoa ndiyo lithiamu inaimeza kirahisi. Mimina kwenye kopo, acha nafasi ya neli katikati, unene kama sentimita 5 kila upande.

Ikiganda, ingiza neli, acha ihesabu saa kumi na mbili. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mipigo ya umeme, mmweko wa nyutroni una mkia mrefu. Kelele za umeme ni vijiti vifupi. Usivihesabu.

Lakini utajuaje kweli ni nyutroni? Boraksi, unga wa chumvi ya boroni. Boroni-10, aina moja ya boroni iliyomo, inazila nyutroni zilizopoa kwa pupa kuliko lithiamu. Jaza unga wake, sentimita moja, kati ya skrini na nta, pande zote, kisha hesabu muda uleule. Hesabu zilizopungua ndizo nyutroni zako.

Mimi naijaza sasa hivi, saa mbili usiku. Naitoa kesho saa mbili asubuhi, umeme ukituheshimu.