Magoti Yanayokaza Alfajiri: Mazungumzo na Wagonjwa wa Viungo, Busia

Wazee wangu, akina mama, asanteni kwa kufika, hasa ninyi mliotoka Masafu na Lumino huku magoti yamekaza.

Mama yangu aliugua baridi yabisi miaka mingi. Kila alipokwenda kliniki alirudi na vidonge na neno moja: "Meza hizi." Hakuna aliyemweleza kwa nini vidole havikunjiki alfajiri, kisha vinalegea jua likipanda. Akaamini amerogwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kule Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford, Kate Lorig na wenzake waliwakusanya wagonjwa wa viungo kuwafunza kujitunza, kwa muda wa saa mbili kila wiki, kwa wiki 6. Hawakuhitaji daktari wa kufundisha. Watu wa kawaida waliandaliwa, wakafundisha wenzao. Mwaka 1993 wakatoa matokeo ya miaka 4: maumivu yamepungua kwa asilimia 20, safari za kwa daktari kwa asilimia 40. Lakini sikieni vizuri: ulemavu wenyewe uliongezeka kwa asilimia 9. Kiungo kinazidi kuchakaa, maumivu yanashuka! Kilichobadilika ni mtu kuamini kwamba ugonjwa huu anauweza.

Sitawaficha upande wa pili. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2003, kuhusu baridi yabisi ile inayovimbisha viungo, uliona mafunzo kama hayo yana faida ndogo za muda mfupi tu. Mimi naona somo likiachwa darasani hufifia. Wala halichukui nafasi ya dawa. Methotreksati, dawa mojawapo ya baridi yabisi, humezwa mara moja kwa wiki; anayeimeza kila siku anaweza kufa. Tafadhali, hilo mlishike.

Mama huyu aliyekaa mbele ameniruhusu nimseme. Jerikeni ya lita 20 ilimshinda. Kumwambia apumzike ingekuwa kumdanganya, nani angemchotea? Sasa anabeba lita 10, anarudi mara ya pili, na mshikio ameuviringishia kitambaa kinene ili vidole visibane sana. Nguo haikamui tena kwa vidole: anaizungusha kwenye mti, anaisokota kwa viganja vyote viwili, polepole, maji yanachuruzika. Juzi nilimkuta akimwonyesha jirani yake, na sikuwa nimemtuma.

Alhamisi saa nane tukutane hapa hapa chini ya mwembe. Kila mtu aje na jerikeni yake na nguo moja iliyolowa. Yeye ndiye atakayefundisha.