Riwaya ya Zamyatin na Urusi Iliyoizaa

Ndugu wasikilizaji,

Riwaya ya distopia, yaani ile inayochora jamii ya kubuni ambamo utawala umempokonya binadamu utu wake, husifiwa mara nyingi kwa kutabiri. Leo ninaipinga sifa hiyo kwa kutumia riwaya moja tu, *Sisi*, ya Mrusi Yevgeny Zamyatin, iliyoandikwa kati ya mwaka 1920 na 1921. Ninaamini kwamba mengi yanayotutisha ndani yake mwandishi alikwisha kuyaona au kuyasikia yakisifiwa.

Zamyatin alikuwa mhandisi wa meli. Mwaka 1916 alipelekwa Uingereza, Newcastle, kusimamia ujenzi wa meli za kuvunjia barafu, na huko akaanza kuandika juu ya kasisi aliyeyapangia ratiba maisha yake yote: toba, sadaka, hata siku ya kuwa na mkewe. Aliporudi kwao mwaka 1917, mapenzi hayo ya ratiba yalikuwa karibu kuwa sera ya dola. Aprili 1918 Lenin, kiongozi wa serikali mpya ya mapinduzi, alihimiza Urusi ijifunze mfumo wa Mmarekani Frederick Taylor, ambaye alikuwa akipima kwa saa mwendo wa mikono ya vibarua ili pasipotee hata nukta moja ya kazi. Mwaka 1919 Aleksei Gastev, fundi chuma na mshairi, aliandika kwa matumaini makubwa kwamba mfanyakazi mmoja mmoja angeweza kutambuliwa kwa herufi au tarakimu, na mwaka uliofuata akaanzisha mjini Moscow taasisi ya kuchunguza kazi.

Tukiifungua riwaya sasa, tunampata msimulizi anayeitwa D-503. Watu wa dola yake huishi katika nyumba za vioo, huamka wote katika dakika ile ile na kutafuna kila tonge mara 50, na kwao Taylor ndiye mwenye hekima kuliko watu wote wa kale. Zamyatin ameuchukua utaratibu uliosifiwa kiwandani, akauvusha lango la kiwanda, akauingiza mezani na chumbani, kisha akauliza ni nani atakayeuzuia. Hapo ndipo ninapouona ujasiri wake, kwa kuwa alikishuku kitu ambacho mabepari na wanamapinduzi walikuwa wamekubaliana juu yake.

Kuna pia vita vya miaka 200 kati ya mji na shamba, ambavyo D-503 anavitaja kama historia ya mbali. Msomaji wa Petrograd, mji wa Urusi unaoitwa leo St. Petersburg, asingehitaji kufafanuliwa, maana katika miaka hiyo hiyo vikosi vya serikali vilikuwa vikiwapora wakulima nafaka ili kulisha miji yenye njaa.

Serikali ya Kisovieti ilikizuia kitabu hicho. Kilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924. Zamyatin aliruhusiwa kuhama mwaka 1931, akafia Paris mwaka 1937, na nchi yake haikukichapa hadi 1988. Kufikia wakati huo wengi walikisoma kama kitabu kilichoutabiri udikteta wa Stalin, mtawala aliyemfuata Lenin, mtu ambaye hakuwa hata katibu mkuu wa chama kilipoandikwa. Usomaji huo, kwa maoni yangu, unamwachilia Taylor bila kumhoji, ilhali Zamyatin alimtaja kwa jina.