Vyungu viwili vya kupendezesha mlango wa mbele

Karibuni. Leo tunapanda vyungu viwili, kimoja kila upande wa mlango. Kabla hujashika koleo, chunguza jua: toka asubuhi, adhuhuri na alasiri uone linapiga wapi. Pakipata jua kali kwa muda wa saa 6 au zaidi, panda krotoni au bogenvilia. Kivulini bogenvilia hutoa majani matupu, na krotoni hurudi kijani. Hapo kaladiamu ndiyo inayofaa, kwani rangi yake iko kwenye majani, haingoji maua.

Sasa chungu. Chukua chenye kipenyo cha sentimita 40, ukigeuze uhakikishe kina tundu. Kokoto za chini achana nazo. Wengi huziweka maji yatoke upesi, kumbe maji hutuama kwenye udongo ulio juu yake na mizizi huoza. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha.

Changanya udongo sehemu 2, mboji iliyoiva sehemu 1 na mchanga wa chenga kubwa sehemu 1. Nyunyiza maji kidogo, kisha shika konzi moja uikamue. Fungua kiganja, liguse bonge kwa kidole. Limesambaratika? Safi. Likibaki zima, ongeza mchanga.

Mwagilia mche nusu saa kabla ya kuutoa. Usiuvute kwa shina. Ulaze, ubonyeze kiriba (mfuko wa plastiki ulioshika mche) pande zote, uuteleze nje. Tazama hapa: mizizi imejizungusha kama kata ya kubebea mzigo kichwani. Ya krotoni ilegeze kwa vidole. Ya bogenvilia usiiguse, hukatika ovyo; chana kiriba kwa wembe uushushe mche na udongo wake wote.

Shina lisizame kuliko lilivyokuwa kwenye kiriba, na udongo uishie sentimita 3 chini ya ukingo. Shindilia kwa mkono, taratibu, kisha mwagilia mpaka maji yatoke chini.

Wiki mbili za kwanza krotoni hupukutisha majani. Ni kwa sababu imehamishwa, si kiu, na hapo ndipo watu huizamisha kwa maji ikafa. Chomeka kidole hadi kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, ndipo umwagilie. Bogenvilia ivumilie zaidi, mpaka udongo ukauke vizuri. Maji mengi na mbolea ya naitrojeni huipa majani, maua hakuna. Yakipukutika maua, punguza ncha za matawi, maana hutoa maua kwenye machipukizi mapya.

Vaa glavu unapokata krotoni. Utomvu wake huwasha ngozi na doa lake nguoni halitoki. Kaladiamu ikitafunwa huchoma mdomo, kwa hiyo iwe mbali na watoto na wanyama. Bogenvilia nayo ina miiba: iweke hatua nzima kutoka njia, la sivyo wageni wataingia na nguo zimechanika.